Binti yangu hakuruhusiwa wadi ya uzazi: uzoefu wangu

Mke wangu alijifungua kwa upasuaji Julai iliyopita katika hospitali moja ya kibinafsi hapa Nairobi. Matibabu yenyewe sina la kulalamikia. Daktari alifika kwa wakati, wauguzi walikuwa wapole, na bili haikuzidi tuliyoambiwa. Naandika kuhusu jambo moja tu: watoto kutoruhusiwa wadini msimu huu wa baridi na mafua.

Siku ya pili nilimpeleka kifungua mimba wetu, binti wa miaka 5, akamwone mama yake. Tulitoka Umoja saa nane, tukabadilisha matatu mjini, na kwa ule msongamano wa Jogoo Road tukafika saa kumi. Njia nzima alishikilia karatasi aliyochora: mama, baba, yeye mwenyewe, na kiduara kidogo alichosema ni mtoto. Askari wa geti aliandika jina langu, akatufungulia. Mapokezi nao wakatuelekeza kwenye ngazi. Ni kule juu, mlangoni mwa wadi, ndipo tulipokuta tangazo limebandikwa: watoto chini ya miaka 12 hawaingii.

Nilibisha sana. Nikasema huyu haumwi, hana hata kamasi. Sista wa zamu hakunifokea. Alichutama mbele ya binti yangu akamwambia, "Mama yuko salama, na mdogo wako pia. Nenda na baba pale chini kwenye maegesho, utamwona dirishani." Kisha akanigeukia: "Baba, mtu anaweza kuambukiza mafua siku moja kabla hajaanza kuumwa, na watoto hukaa na virusi muda mrefu kuliko sisi. Hawa wachanga hawapewi chanjo ya mafua mpaka wafikishe miezi 6."

Tukashuka. Madirisha ya ghorofa ya pili yote yanafanana, na binti alianza kulia akisema mama hayupo. Ndipo leso ya manjano ikapungwa. Aliinua mchoro wake juu ya kichwa kwa mikono miwili, akakataa kuushusha hata mikono ilipoanza kutetemeka.

Usiku huohuo alishikwa na homa. Kufikia asubuhi alikuwa anakohoa mfululizo. Nilikaa kando ya kitanda chake nikiwaza: jana nilikuwa namng'ang'aniza huyu aingie alale kifuani mwa mama yake, karibu na kichanga cha siku mbili.

Kwa hivyo sheria naiunga mkono kwa moyo wote. Ninachoilaumu hospitali ni kunyamaza. Siku ya kulazwa tulijaza fomu chungu nzima, na simu yangu ilipokea ujumbe wa malipo mara tatu, lakini hakuna mahali palipotajwa watoto. Kama askari angesema pale getini, ningempigia mama yake simu ya video tukiwa kwenye kivuli, bila kumpandisha mtoto ngazi kwenda kulia mlangoni. Tena, siku hiyohiyo nilimwona mwanamume mzima akiingia wadini anakohoa, hana barakoa, na hakuna aliyemuuliza. Umri peke yake hautoshi, kikohozi nacho kiangaliwe.

Ukiwa na mgonjwa wako amelazwa miezi hii ya Juni hadi Agosti, piga simu kabla hujamvalisha mtoto sweta. Na uongee na wadi yenyewe, maana mapokezi huenda hawajui. Uliza pia dirisha liko upande gani.

Mke wangu aliporuhusiwa kutoka, binti alikuwa kwa nyanya yake Kayole, bado ana kikohozi. Tulimwacha huko siku 8. Aliporudi alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akaketi kochini, tukampakatisha mdogo wake. Alimkagua kimya kwa muda mrefu, kisha akaomba ile karatasi na kalamu, akakiongezea kiduara miguu.