Kofia za kemo nilizoshonewa na fundi wa mtaani: uzoefu wangu wa karibu miezi 7

Nywele zangu zilianza kutoka siku ya 16 baada ya dripu ya kwanza ya kemo, yaani dawa za saratani. Nesi alishaniambia zingeanza kutoka kati ya wiki ya pili na ya tatu, kwa hiyo hilo nilikuwa nalingojea. Ambalo sikulijua ni kwamba kabla ya kutoka zinauma. Siku tatu nzima kichwa kiliwaka kama cha mtu aliyesukwa rasta za kubana kupita kiasi, na nikilaza kichwa kwenye mto nasikia maumivu kwenye kila shina la unywele. Baada ya hapo uzuri wa kofia haukunishughulisha tena. Nilitaka kujua mshono wake umepita wapi.

Nilitibiwa saratani ya titi Dar es Salaam. Dripu 4 za mwanzo zilikuwa za ile dawa nyekundu, doksorubisini, ikiambatana na siklofosfamidi. 4 zilizofuata zilikuwa za paklitakseli, kila moja ikipishana na nyenzake kwa siku 21. Dawa hizi zinawinda seli zinazogawanyika haraka. Seli za saratani ziko hivyo, na za mashina ya nywele nazo ziko hivyo, ndiyo maana zinapigwa pamoja. Nilipoona nywele zinabaki kwenye taulo nilikwenda kunyoa. Nilinyoa kwa mashine, si kwa wembe, kwa sababu kipindi hicho chembe nyeupe za damu zinashuka na mkato mdogo tu unaweza kuingiza maambukizi. Kama unajiandaa kuanza, hilo lisikupite.

Mwanzoni nilinunua vilivyokuwepo. Wigi ilinigharimu shilingi 45,000 na niliivaa mara mbili. Wavu wake wa ndani ulikwaruza, jasho la Februari likakaa chini ya wavu, na jioni nilikuwa na vipele. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na siku nilizopata nguvu kati ya dripu na dripu nilikuwa naingia darasani chini ya bati. Mwenye kazi ya kiyoyozi huenda akaelewana na wigi. Mimi niliiweka kabatini.

Mtandio wa satini ulikuwa laini kweli, lakini haukai. Sikuwahi kufikiri kwamba nywele ndizo zinazoshika kitambaa. Kichwa kikiwa kitupu mtandio unarudi nyuma wenyewe, na ukikaza fundo ili usirudi, fundo linaangukia kisogoni, pale pale unapolalia. Kilemba cha kitenge kipya nacho kilikuwa na ule ugumu wa kiwandani, na harufu yake ilinipandisha kichefuchefu ndani ya daladala. Kofia ya sufu aliyoniletea mtu kwa upendo sana ilinichoma kama majani makavu.

Ndipo nikamwendea fundi.

Fundi wangu ni mzee anayeshona barazani pa duka mtaani kwetu, kwa cherehani ya kukanyaga. Sare za wanafunzi wangu wengi zimepita mikononi mwake. Nilimwamkia, akaitika, nikamwambia nataka kofia ya kitenge. Akauliza kama ni ya harusi. Nikamwambia ni ya hospitali. Akaweka mkasi chini.

"Pole sana, mwalimu."

"Nimeshapoa, mzee wangu."

Akachukua futi, akapima juu ya kilemba nilichokuwa nimefunga, akaandika 60. Hilo lilikuwa kosa letu sote wawili: yeye aliona aibu kuniambia nivue, na mimi niliona aibu kuvua.

Kofia ile niliipata baada ya siku 9 wakati tuliahidiana 3, na siku hizo zilikuwa nyingi kwangu, kwa sababu ndizo nilizokuwa nahitaji kuvaa kitu kuliko zote. Ilikuwa nzuri kwa macho. Vipande 6 vimekutana utosini, kifungo juu, lastiki imezunguka pindo lote, ndani kumepigwa ovaloki safi, ule mshono wa kufunga kingo za kitambaa. Kichwani ilikuwa adhabu. Pale vipande 6 vinapokutana panakuwa na kinundu, na kinundu kikikaa juu ya ngozi tupu unakisikia saa zote. Uzi wa ovaloki unakwaruza. Lastiki iliacha mstari mwekundu kuzunguka kichwa na kuniletea maumivu kwenye paji la uso. Tena ilikuwa kubwa, kwa hiyo ilishuka kwenye nyusi, na kisogoni iliishia juu mno, ngozi ya shingo ikabaki wazi. Mwenye nywele haoni tofauti hiyo, maana nywele zake zinafunika pengo.

Nilikaa nayo wiki nzima nikiogopa kumrudishia mzee kazi yake. Nikarudi asubuhi moja kabla hajapata wateja, nikamweleza kila panapouma. Hakubishana. Alimwita mkewe kutoka ndani, akamwambia, "Mama, mpime mwalimu vizuri." Mama akanipeleka chumbani, nikavua kilemba. Hakustuka. Alipitisha kidole taratibu kwenye ule mstari wa lastiki akauliza, "Ni hapa, mwanangu?" Nikashindwa kujibu kwa muda. Alikuwa mtu wa kwanza, ukiacha wauguzi, kukigusa kichwa changu.

Vipimo vilitoka vingine kabisa. Kuzunguka kichwa, kutoka pajini kupita juu ya masikio mpaka kisogoni, sentimita 55. Akapima pia kutoka paji mpaka shingo kupitia utosini, na sikio hadi sikio. Kwa vipimo vitatu hivi fundi yeyote anaweza kukata kofia inayokaa. Kipimo kimoja cha kuzunguka hakitoshi.

Kofia ya pili tuliikata kutoka kwenye fulana za mtumba, mbili, shilingi 2,000 kila moja. Fulana iliyokwisha fuliwa mara nyingi imelainika na imesharudi kiasi inachorudi, haitakushangaza. Lakini lazima iwe pamba. Mzee alinionyesha anavyopima: akachomoa nyuzi kidogo kwenye upindo, akaziwasha kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Polista inayeyuka na kuganda kidonge kigumu. Katika fulana 4 nilizomletea, 2 ziliganda, tukaziacha.

Mkato ulikuwa wa vipande vitatu, kimoja kirefu cha katikati kutoka pajini hadi kisogoni na viwili vya pembeni. Utosini hapana makutano yoyote. Mvutiko wa kitambaa tuliuelekeza kuzunguka kichwa, si kwenda juu na chini, kwa sababu ukikosea hapo kofia inapanda yenyewe na kuchomoka. Pindo likateremka mpaka linagusa mwanzo wa shingo na kufunika nusu ya masikio. Lastiki ikabaki nyuma tu, urefu wa kidole, ndani ya njia yake ya kitambaa, bila kuvutwa sana.

Tulipofika kwenye mishono ndipo tulipovutana. Nilimwomba ageuze, mishono iwe nje na ndani pabaki laini kabisa. Mzee aliona kama namvunjia heshima.

"Mwalimu, watu wataniuliza nani kashona hivi."

"Waambie ni mwalimu aliyeomba, mzee wangu. Kwangu nje ni ndani."

Alifikiri, akaingia dukani, akatoka na kipande cha kanga. Akakata vitepe vyembamba, akavilaza juu ya mishono yote ya nje na kuvishonea. Ule mshono uliokuwa unamwaibisha ukageuka kuwa urembo wa kofia. Kitambaa cha fulana kinataka sindano yake, yenye ncha ya mviringo; sindano ya kawaida inakata nyuzi na baada ya kufua unaona vitundu vinatambaa kandokando ya mshono. Hiyo niliifuata Kariakoo mwenyewe. Ufundi alinitoza shilingi 4,000.

Usiku wa kwanza na kofia hiyo nililala mpaka alfajiri. Sikuwa nimelala hivyo tangu nywele zitoke. Sikuwahi kujua kwamba kichwa kinaweza kusikia baridi Dar es Salaam, lakini feni ikipuliza ngozi tupu usiku unatetemeka, na chumba cha dripu kina kiyoyozi. Unahitaji kitu kichwani hata ukiwa peke yako na hakuna wa kukuona. Wanaotushauri "vaa kilemba kizuri ujisikie mrembo" wanasema kwa nia njema, ila wanasahau hizi saa za usiku.

Niliongeza tatu za aina ile ile. Kwenye joto unabadilisha asubuhi na jioni, kwa hiyo mbili hazitoshi. Moja ilikatwa kutoka fulana nyeusi na hiyo ndiyo niliyojutia, ilichuja rangi ikapaka mto na kichwa. Chukua rangi nyepesi, au loweka na kufua kwanza mpaka maji yawe meupe. Sabuni nayo iangalie. Nilikuwa natumia ya unga yenye manukato, na kipindi cha dawa nyekundu harufu ile ilinitapisha. Nilihamia sabuni ya kipande isiyo na harufu kali na kusuuza mara tatu. Baada ya miezi mitano kofia mbili zilikuwa zimelegea. Mzee alipunguza upana wa kipande cha katikati, kazi ya dakika chache, hakutaka pesa.

Aina ya tatu ilikuwa ya kutokea, ya kanisani na ya kliniki. Nje kitenge, nilichokifua mara mbili kabla ya kukatwa. Ndani bitana ya fulana. Hapa mzee alinionyesha ufundi wake. Kofia bila nywele chini inalala bapa na uso unaonekana umesinyaa, basi mbele aliweka mikunjo minne iliyosimama kidogo ili kitambaa kijae. Nyuma alishonea mikia miwili ya kufunga, myembamba, inayofungwa pembeni mwa shingo na si katikati, kwa hiyo ukiegemea kiti cha dripu kwa muda wa saa tatu hapana fundo la kukuchoma. Aliishusha mbele kidogo kuliko kawaida. Wakati huo sikuona maana yake. Paklitakseli ilipoondoka na nyusi zangu nikamwelewa. Hii ilikuwa shilingi 12,000 na kitambaa changu, na ningelipa zaidi.

Pale kliniki nilikuwa nakaa karibu na mzee mmoja wa kutoka pwani ya kusini, anavaa kofia ya viua, ile ya kudarizi kwa mkono. Matundu yake yanapitisha hewa vizuri, lakini upande wa ndani una nyuzi, na zilimkera kichwa. Nilimshonea mwenyewe kwa mkono kikofia chembamba cha mabaki ya fulana avae chini yake. Akina mama wanaovaa hijabu walinieleza kwamba kofia ya fulana ndani ya ushungi inazuia kuteleza bila kubana pini. Kwao ningeshauri pindo la mbele liwe jembamba kabisa, maana tabaka mbili zikikutana pajini zinaacha alama.

Kama unampelekea fundi wako, nenda na kofia inayokuumiza pamoja na kitambaa. Mvulie akuone, au umvulie mtu wake wa karibu kama nilivyofanya mimi. Yeye ana macho ya kushona kwa ajili ya watu wanaotazama, na atashona hivyo hivyo mpaka umwambie panapouma ni wapi. Na mpelekee mapema, wiki ile ya dripu ya kwanza, kabla nywele hazijaanza kutoka, kwa sababu mafundi wanachelewa na dawa haichelewi.

Dripu ya mwisho ilikuwa wiki 9 zilizopita. Nywele zinaota, laini kama za mtoto mchanga, na zimejikunja kuliko zamani. Jambo jipya limejitokeza: vinywele hivi vifupi vinanasa kwenye fulana nikigeuka usingizini, asubuhi nakuta vimekatika. Kwa hiyo ule mtandio wa satini uliokuwa unateleza nimeutoa kabatini na kumpelekea mzee aufanye bitana ya kofia ya usiku. Karatasi ya kipimo changu ameitundika kwenye msumari juu ya cherehani, nyuma yake zimetundikwa mbili nyingine ambazo si zangu. Ameniambia nije Alhamisi.