Eko ya kompyuta kwa moyo wenye mapigo ovyo: uzoefu wangu

Moyo wangu unakwenda kama daladala kwenye foleni: unasimama, unaruka, unakimbia kidogo, unasimama tena. Ni mwaka wa sita sasa. Eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, nimeshapimwa mara nne, na mbili za mwisho zilikuwa kwa mashine ambayo kompyuta yenyewe inachora ukuta wa ndani wa moyo kwenye picha na kupiga hesabu.

Ya kwanza kati ya hizo mbili, kliniki moja binafsi hapa Dar es Salaam, ilininyima usingizi. Kijana alibonyeza kitufe, mstari ukajichora, ripoti ikatoka: EF 38. Hiyo ni asilimia ya damu inayosukumwa nje kila chumba kikubwa cha chini kinapojikamua; mwenye afya huwa na 55 hivi na kuendelea. Nilirudi nyumbani nikijiona marehemu. Mke wangu aliacha hata kunituma dukani.

Wiki tatu baadaye nikaenda hospitali nyingine, mashine ya aina ileile. Dada aliyenipima hakuwa na haraka. Kompyuta ikatoa 41, akaguna. "Baba, moyo wako haupigi sawasawa. Pigo moja haliniambii kitu." Akanieleza: pigo linalowahi hukuta chumba hakijajaa, linatoa damu kidogo, linalochelewa hukuta kimejaa, linatoa nyingi. Kompyuta ilikuwa imeokota moja tu, tena la kuwahi. Akarekodi manane, akavuta mstari kwa mkono pale ulipotoka nje ya ukuta, akachukua wastani. 52.

Kwa hiyo mashine naisifu, na nusu ya sifa ni za yule dada. Zamani nililalia ubavu wa kushoto hadi mkono ukafa ganzi wakati daktari anachora kwa mkono. Safari hii hata jeli haijapoa, tumemaliza.

Ila kuhusu damu kuganda moyoni, jambo ambalo mapigo ovyo huweza kuleta, usiitegemee. Kale kamfuko kando ya chumba cha juu kushoto, mabonge yanakopenda kujificha, eko ya kifuani haikaoni vizuri; wakitaka kukachungulia wanakuingiza mpira wa kipimo kooni. Ndiyo maana pamoja na 52 yangu bado nameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na mchicha nakula kiasi kilekile kila wiki, maana ukizidi hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Kabla hujavaa shati, uliza wamepima mapigo mangapi. Na beba kitambaa chako, karatasi wanazotoa hazitoshi kufuta ile jeli.