Nimeongeza RAM kwenye Dell OptiPlex 7010, herufi moja ikanipotezea siku nzima

Steshenari yangu ina kompyuta moja tu ya mezani, Dell OptiPlex 7010 ya mtumba, toleo la 2012, prosesa i5, RAM (memori ya kazi za wakati huo) GB 4. Kwa kuchapa barua haikuwa na shida. Balaa lilianza msimu wa maombi ya mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu: mwanafunzi amefungua fomu, Chrome ina kurasa sita, nyuma kuna Word na skana, mashine inaganda. Mteja anakutazama wewe, wewe unatazama kiduara kinavyozunguka. Task Manager ilikuwa inasoma memori asilimia 96.

Nikaenda Kariakoo kutafuta RAM ya GB 8, aina ya DDR3 inayotumiwa na mashine hii. Nikapewa moja kwa elfu thelathini. Nikauliza, hii itakubali kwenye Dell? "Dada yangu, DDR3 ni DDR3." Na kweli iliingia, vibanio vikajifunga vyenyewe. Nilipowasha: kioo cheusi, milio, na kitufe kinapepesa rangi ya chungwa.

Kumbe lebo iliandikwa PC3-12800R. Hiyo R ni ya seva. Mashine za ofisini kama hii zinataka 12800U. (Yenye S ni ya laptopu, lakini hiyo ni fupi, huwezi kukosea.) Ya R na ya U zina urefu uleule na kikato palepale, ndiyo maana inakaa vizuri halafu mashine inaikataa. Siku hiyo sikufanya kazi yoyote. Kesho yake nikarudi. Muuzaji akanuna kidogo, akanibadilishia kwa mbili za GB 4 zenye U, nikaongeza elfu tano.

Kufunga hakukuhitaji fundi. Nilichomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, nikagusa bati la kasha kabla ya kushika chochote. Zile za zamani, mbili za GB 2, zilikuwa kwenye slotu zenye vibanio vyeupe; mpya nikaziweka kwenye vyeusi. Jumla GB 12. Kwa kuwa ni mtumba, niliacha MemTest86, programu ya kupima memori, ikimbie usiku kucha. Haikukuta kosa.

Sasa kazi ileile inakula chini ya nusu ya memori, na tangu hapo haijaganda. Ila kuwaka bado ni dakika tatu na ushei, vilevile kama zamani, maana diski ni ileile ya kuzunguka. Kama kero yako ni kusubiri iwake, pesa hiyo anza nayo kwenye SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi. Na kama Windows yako ni ya biti 32, usijisumbue kabisa: haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukiijaza slotu zote.

SSD yangu nitanunua maombi yakifungwa.