Sinia la Maulidi Lamu: pilau na khidma yake

Anayekwenda Lamu kwa Maulidi, mwezi wa Mfungo Sita, hawezi kulala njaa. Hilo halina mjadala. La kujiuliza ni chakula chenyewe kikoje, na wanaokipika na kukigawa wanaifanyaje kazi hiyo, kwa kuwa hapa kumlisha mgeni ni ibada. Watu wa tarika, yaani njia za kisufi, huiita khidma: unamtumikia mja wa Mungu, hulipwi, na ukiweza hujulikani. Tathmini hii ni ya majiko ya uani upande wa Langoni, mitaa ya kuelekea msikiti wa Riyadha, yanayolisha watu mia mbili, mia tatu kwa mkupuo. Haimhusu mpishi fulani wala nyumba fulani.

Pilau kwanza. Sufuria la kilo 25 za mchele hushibisha watu kama mia mbili, wakila watano watano. Vipimo visivyoaibisha ni nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 15, viazi kilo 8, vitunguu kilo 8, mafuta lita 4, thomu (vitunguu saumu) nusu kilo na tangawizi kiasi hicho hicho, bizari nzima robo kilo. Mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga ni mkono wa mpishi.

Rangi ya pilau iko kwenye vitunguu, na hapo ndipo majiko mengi yanapoharibu. Vikimiminwa vyote kwa pamoja havikaangiki, vinatoa maji na kuchemka, na pilau inatoka nyeupe kama chakula cha mgonjwa. Vikaangwe mafungu manne, kila fungu hadi lifikie wekundu wa tende, ndipo thomu na tangawizi vifuate. Kosa la pili ni maji. Nyumbani tumezoea vikombe viwili kwa kimoja cha mchele. Kwenye sufuria kubwa kipimo hicho ni bokoboko. Sufuria kubwa likishafunikwa halipotezi mvuke mwingi ukilinganisha na kilichomo, hivyo mchele ulioroweka nusu saa unatosheka na supu kikombe kimoja na robo, ukizidi sana kimoja na nusu. Wala msipike kilo 50 sufuria moja ati mnaokoa kuni. Mchele wa juu unaulalia wa chini, na mtapakua uji huku mkitafuna mbichi. Sufuria mbili, mafiga sita, kwisha.

Maji yakishakauka, kuni zinaondolewa chini na makaa yanapandishwa juu ya mfuniko. Kupalia huko kunataka dakika 30 hadi 40 bila mtu kufunua. Jiko zuri utalijua hapa: mpishi mkuu amekaa kwenye kibao, ameupa mgongo umati unaouliza "bado?", na hanyanyuki. Jiko bovu utalijua kwa pua, kwa sababu kuni mbichi zinaacha moshi ndani ya mchele na hakuna iliki itakayoufukuza.

Kwa ladha peke yake, majiko haya yanastahili nyota nne kati ya tano. Kachumbari ndiyo inayokula ile ya tano. Hukatwa mapema mno, kabla hata ya adhuhuri, na hadi sinia linafika imeshachuja maji na kuanza kuchacha. Ikatwe wakati wa kupalia, ndimu na chumvi zitiwe mlangoni.

Sasa khidma yenyewe. Mtazame kijana wa kunawisha: birika mkono wa kulia, beseni la kushoto, taulo begani. Aliyefundwa huinama mpaka beseni liwe chini ya mikono ya mgeni, humimina maji membamba yasiyoruka magotini, na huanza kwa mzee. Hamtazami mgeni usoni kusubiri asante. Huyu ameelewa kazi. Asiyefundwa humwaga maji kama anayemwagilia mchicha, na sabuni ameisahau jikoni. Baada yake ndiyo masinia. Mtu mmoja husimama kati ya busati na kuita, "Ndooni, sinia hili lataka watu wawili!" Mwalimu akaketi na hamali, mgeni wa Unguja na mvuvi wa Matondoni, na kila mmoja anakula mbele yake. Utaratibu huu mdogo una uzito wake katika mji huu. Habib Swaleh, mwasisi wa Riyadha aliyetoka Ngazija, aliwafundisha dini watoto wa maskini na wa waliokuwa watumwa wakati ambapo wakubwa wa mji hawakuona haja hiyo. Sinia lisilochagua mtu linafuata nyayo hizo hizo.

Lawama zipo, na si ndogo. Upande wa wanawake hupelekewa chakula mwisho, wakati ni wao waliokesha wakichagua mchele na kumenya thomu. Kama jiko lina sufuria mbili, moja lifunguliwe kwao saa ile ile. Lawama ya pili ni simu. Kumpiga picha maskini akiwa na tonge mdomoni, kisha kuirusha mtandaoni kwa jina la sadaka, ni riya, kujionyesha, iliyovaa kanzu. Aya ya 9 ya Surat al-Insan inawasifu waliolisha kwa ajili ya Mungu bila kutaka malipo wala shukrani. Kupendwa na watu mia tatu mtandaoni nako ni shukrani. Tatu ni kiporo: pilau iliyokaa vuguvugu tangu adhuhuri hadi baada ya isha hutapisha watu, na kuipasha moto hakuiokoi, maana sumu ya vijidudu vya wali haifi kwa kuchemshwa. Kilichobaki kitoke ndani ya saa mbili kwenda majumbani, la sivyo wapewe paka, ambao Lamu hawajawahi kupungua.

Mwenye kutaka kuingia kazini badala ya kula tu, aende siku mbili kabla. Mchele na vitunguu huvuka kwa mashua kutoka Mokowe, kisha hupandishwa vichochoroni kwa punda na mikokoteni, na mikono hupungua hapo kuliko siku yenyewe. Asisahau maji: yanategemea visima vya Shela, na umati ukijaa mifereji hulegea. Kwa watu mia mbili, lita 400 ziwe zimeshajazwa kwenye matangi usiku wa kuamkia. Aje na kisu chake kikali na nguo ya kuchafuka. Asichague kazi, amwambie mpishi mkuu, "Nimekuja, nipe chochote," kisha anyamaze. Fedha, kama anazo, ampe mshika daftari la vyakula, kabla ya manunuzi. Asimtilie kijana wa birika noti mfukoni. Anadhani amemfurahisha, kumbe amemgeuza mhudumu wa hoteli, na kesho kijana ataangalia nani ana saa ya bei ndiyo amnawishe kwanza.

Kazi ya kupakua ina wagombea wengi kuliko miko. Kunawisha vilevile. Masufuria yanayooshwa saa nne usiku ni habari nyingine. Ukoko hurowekwa kwa maji moto na konzi ya majivu muda wa saa nzima, unabanduliwa kwa kipande cha kifuu, kisha sufuria linasuguliwa kwa mchanga mpaka masizi yatoke, na kulipindua tu kunahitaji watu wawili. Saa hiyo matwari yanasikika uwanjani na uani pana taa moja. Wageni walio na nia ya khidma, nafasi ziko huko.