Kigari cha msumeno wa meza: uzoefu wangu baada ya miezi minane, Mikindani

Nilianza kukitilia shaka kigari changu siku niliyokuwa nafunga kabati la jikoni kwa mama mmoja wa Shangani. Milango sita, MDF (bodi ya unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 18. Miwili ya katikati ikagoma kukutana juu. Mama akasogea, akapitisha kucha kwenye ule mwanya, akaniuliza kwa upole, "Baba, mbona huu mlango unacheka?" Nikapima urefu na upana, viko sawa. Nikapima kona kwa kona, tofauti milimita 2. Mlango haukuwa mraba, na nilikuwa nimeukata kwenye kigari nilichokinunua ili nipate mraba.

Kwa asiyekijua: hiki ni kitoroli cha alumini kinachofungwa ubavuni mwa meza ya msumeno, upande wa kushoto. Kinateleza kwenye reli, unaegemeza ubao kwenye fensi yake (ule upau wa kuegemezea) na kuusukuma kwenye diski bila kuuburuza juu ya meza. Changu kinatembea mita 1. Nilikinunua Dar es Salaam kwa 640,000, kikaja na basi kama kifurushi. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na picha nne, na hakuna hata moja inayoonyesha namna ya kukinyoosha.

Nilikosea nilipoanza kuhangaika na fensi kabla ya kitu kingine chochote. Kila nikiiweka sawa, kesho imeharibika tena. Fundi kerezo mmoja wa mjini (anayechonga vyuma kwa mashine), mtu mzima, alikuja akakishika kigari kwa mikono miwili akakitikisa juu na chini. "Mwanangu, hiki kinacheza. Utanyoosha nini juu ya kitu kinachocheza?" Basi tukaanzia hapo, na mtu yeyote aanzie hapo.

Chini ya kigari kuna beringi. Za juu zimefungwa moja kwa moja. Za chini zimefungwa kwa bolti ambazo shina lake halikukaa katikati, kwa hiyo ukizungusha bolti, beringi inapanda au inashuka. Nilichomoa plagi ukutani, nikalegeza nati, nikazungusha kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) kidogo kidogo huku kidole kikiwa juu ya beringi. Ikizunguka bure kwa kidole wakati kigari kimesimama, bado imelegea. Ukiikaza mno, kigari kinakuwa kizito na unasikia mkwaruzo. Panapofaa ni pale ambapo ukiizungusha kwa kidole inakataa, lakini kigari chenyewe bado unakisukuma kwa kidole kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho wa reli. Ilinichukua saa nzima na ushei. Sijutii hata dakika moja.

Kisha reli. Weka alama ya chaki kwenye jino moja la diski. Banisha kipande cha mbao kwenye kigari, kichomeke skrubu ncha yake iguse lile jino likiwa mbele. Zungusha diski kwa mkono mpaka jino lile lile liwe nyuma, sukuma kigari hadi hapo, uangalie. Yangu mbele iligusa, nyuma ikaacha nafasi ya kupita kadi ya simu. Nikalegeza mabano ya reli nikayasogeza. Tumia jino moja tu, kwa sababu diski nyingi hazijanyooka kabisa, na ukibadilisha jino unapima upinde wa diski.

Ndipo tukafika kwenye fensi. Guni langu la chuma (kipimio cha kona mraba) nimelitupa mara nyingi sakafuni, siliamini tena kwa kazi hii. Nilichukua kipande cha MDF cha karibu nusu mita kila upande, nikakata ukingo wa kwanza, nikauegemeza ule uliokatwa kwenye fensi, nikakata wa pili, hivyo hivyo mpaka wa nne. Mkato wa tano, kwenye ukingo ule wa kwanza tena, ndio unaotoa ukanda wa kupima. Kosa la fensi linajirundika mara nne kwenye ukanda huo, ndiyo maana hata tepu ya kawaida inaweza kuliona. Ukanda wangu ulikuwa na milimita 31.2 mwanzo na 26 mwisho. Tofauti 5.2, gawa kwa 4, unapata 1.3 kwa kila milimita 500. Kosa lile lile lililoonekana kwenye mlango wa mama wa Shangani.

Pini iliyokuja na fensi ilikuwa inaogelea kwenye tundu lake, kwa hiyo haikuwa na uwezo wa kuirudisha mahali pale pale. Fundi kerezo alinitobolea pembeni mwa kigari, akakata rezi (mitaro ya bolti) ya M8, yaani ya bolti ya milimita 8, tukaweka bolti ambayo fensi inakuja kuiegemea. Kutoka mhimili wa fensi hadi bolti ni milimita 600, kwa hiyo pale ilitakiwa isogee milimita 1.56. Rezi ya kawaida ya M8 inasogea milimita 1.25 kwa mzunguko mmoja. Nikaizungusha mara moja na robo, nikafunga nati ya pili.

Mkato wa tano uliofuata ulibaki na tofauti ya 0.8, yaani 0.2 kwa milimita 500. Zamu hii sikugusa bolti. Nilichukua nyembe mbili za kunyolea, kila mmoja una unene wa milimita 0.1, nikaziweka kati ya bolti na fensi kwa uangalifu, nikakata tena. Ncha mbili za ukanda zikalingana kiasi kwamba nilizibandika pamoja nikazipapasa kwa dole gumba na sikupata ngazi. Zile nyembe nimezitoa nikaweka kipande cha bati chenye unene huo huo, maana wembe si kitu cha kuacha kwenye karakana yenye vijana.

Mengine yalikuwa madogo. Brashi ya viatu niliikata vipande, nikavifunga ncha zote mbili za kigari vifagie reli, kwa sababu vumbi la MDF lilikuwa linashindiliwa chini ya beringi. Kwenye reli napaka nta ya nyuki kidogo na kufuta. Grisi inakamata vumbi, usiiweke. Fensi nimeivisha uso wa msaji, ili ubao usimeguke diski inapotokea.

Huku kwetu pwani kuna jambo la chumvi. Bolti za chuma zikigusana na alumini kwenye hewa ya bahari, alumini ndiyo inayoliwa, na tayari nilikuwa naona unga mweupe kwenye matundu. Nimekata washa, yaani vipete vya kutenganisha, kwenye dumu la plastiki, nikaweka chini ya kila bolti.

Gharama yote haikufika 30,000, pamoja na malipo ya kerezo.

Ambacho sijaweza kukirekebisha ni urefu. Bodi ya futi 8 haiingii kwenye kigari cha mita 1, kwa hiyo bado naipasua kwanza kwa msumeno wa mkono wa umeme. Na tafadhali, mafundi wenzangu, usitumie fensi ya kupasulia, ile ya kwenye meza yenyewe, kama kizuizi cha urefu wakati unasukuma kigari. Kipande kinabanwa kati ya fensi na diski kisha kinakurudia. Mimi nafunga kizuizi kwenye fensi ya kigari.

Ningekinunua tena? Ndiyo, ila kwa kujua kwamba unanunua robo tatu ya mashine. Ukienda dukani, mwombe muuzaji akifunge kwenye reli, ukitikise juu na chini, kisha uangalie beringi za chini kama zina bolti za kurekebisha. Kama hazina, hata kikipunguzwa bei, kiache.

Ile milango miwili niliikata upya kwa bodi yangu mwenyewe. Mama aliifunga na kuifungua mara tatu, akapitisha kucha tena, akaenda kuniletea chai.