Mzuka Anayependa Sukari: nimesoma Beloved ya Toni Morrison

Kitabu hiki nilikinunua Dar es Salaam, Mtaa wa Samora, kwa wale vijana wanaopanga vitabu vya mtumba chini. Nilikuwa nimetoka kufuatilia mafao yangu ya kustaafu, miguu inawaka moto, nikasimama kivulini kupumzika tu. Kijana akaanza na 12,000. "Mama, hiki ni cha wasomi." Nikamwambia hata mimi ni msomi, nimesomea kuzalisha. Tukaelewana 8,000. Angejua kwamba mwandishi wake ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kupata Nobel ya fasihi, mwaka 1993, nadhani asingeshuka hata mia.

Jalada limechakaa, na mwanafunzi aliyekuwa nacho kabla yangu amepiga mistari ya penseli hadi basi. Kila maji yanapotajwa ameandika pembeni kwamba hiyo ni ishara. Mtoto wa watu alikuwa anatafuta maksi. Mimi nilikuwa natafuta hadithi ya kunivusha safari, na basi lilipofika Segera nilikuwa bado ukurasa wa tisa, narudia.

Maana kitabu chenyewe hakimkaribishi mgeni. Hakuna hodi, hakuna shikamoo, hakuna hapo zamani za kale. Unatupwa ndani ya nyumba namba 124, Barabara ya Bluestone, pembeni mwa mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio, na unaambiwa nyumba hiyo ina kinyongo. Humo anaishi Sethe, mwanamke aliyetoroka utumwa Kentucky, na binti yake Denver. Na kuna kitoto kilichokufa, ambacho kinatikisa nyumba, kinapasua kioo, kinaacha alama za viganja viwili vidogo kwenye keki. Watoto wa kiume wawili wamekwishakimbia. Mama mkwe, Baby Suggs, amefia kitandani, na siku zake za mwisho hakuomba dawa wala sala, aliomba aletewe rangi. Rangi tu, kitambaa cha bluu, cha njano, chochote cha kutazama.

Hapo nilikiweka kitabu chini kidogo. Kabla ya kuhamia wodi ya wazazi nilikaa miaka minne wodi ya wanawake, nikawaona vikongwe wakiondoka. Mmoja aliomba kitunguu. Hakukila, alikishika akakinusa mpaka alfajiri. Kwa hiyo mwandishi aliponiambia habari ya rangi, nilijua huyu mama anawajua watu, na baada ya hapo kwenye mambo ya mizuka nilimwamini.

Mwaka unaosimuliwa ni 1873. Niliurudia kwa kidole. Sisi tuliosoma historia kwa kukariri tunaujua mwaka huo kwa kitu kingine: ndio mwaka Sultani Barghash alitia saini kufunga soko la watumwa la Mkunazini, Unguja. Soko lilifungwa, utumwa wenyewe Unguja haukufutwa kisheria mpaka 1897, na huku kwetu bara mpaka 1922. Morrison anaandika habari za Ohio na Kentucky na wala hatuongelei sisi. Lakini mtu wa Tanga ambaye ukoo wake umetokea Pangani hawezi kuipita namba hiyo kama anapita nguzo ya umeme.

Sasa naisema siri. Asiyetaka kuijua aruke aya hii. Sethe alipovuka mto Ohio alipata siku 28 za uhuru. Kisha wakaja watu wanne na farasi kumrudisha, kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1850 iliyoruhusu mtumwa mtoro kukamatwa hata kwenye majimbo yasiyo na utumwa. Alipowaona akawakusanya watoto wake akaingia nao bandani, ili awapeleke mahali ambapo hakuna mtu angewafikia. Aliyemuwahi ni mmoja, yule binti aliyekuwa ameanza kutambaa. Jambo hili halikutungwa hewani. Margaret Garner, mtumwa mtoro wa kweli, alimuua binti yake hivyo hivyo, Cincinnati, Januari 1856, na Morrison alikutana na habari yake akiwa mhariri wa vitabu, miaka mingi kabla ya kuitoa riwaya hii mwaka 1987.

Nimezalisha miaka 31. Watu wananiuliza, mkunga anawezaje kusoma kitabu kama hiki? Nawajibu kwamba mkunga ndiye hasa wa kukisoma, kwa sababu ndani yake kuna maziwa, damu na maji kuliko maneno. Kabla Sethe hajatoroka, vijana wawili wa bwana wa shamba alikotumikishwa walimkamata wakamnyonya maziwa yake, mwingine amekaa anaandika. Aliposhtaki akapigwa mijeledi mpaka mgongo ukaota makovu yenye umbo la mti. Miaka 18 baadaye anamsimulia Paul D, mwanamume aliyekuwa mtumwa pamoja naye. Paul D anashangaa: walikuchapa nawe ni mjamzito? Yeye anamjibu habari ya maziwa. Paul D anarudi kwenye fimbo, naye anarudi kwenye maziwa. Kwenye wodi nimeyasikia mazungumzo ya namna hiyo mara nyingi. Mwanamume anauliza kilichoacha alama, mwanamke anaeleza kilichochukuliwa.

Kujifungua kwa Denver ndani ya mtumbwi unaovuja, mzalishaji ni msichana wa kizungu mzururaji anayekwenda Boston kutafuta mahameli, nimekusoma kwa jicho la kazi. Nilikuwa tayari kukosoa. Sikupata pa kukosoa. Amemwanzia miguu, akaikanda miguu iliyovimba kabla ya kitu kingine chochote, na hapo nilimpa alama zote.

Turudi kwa mzuka. Paul D anafika, anakifukuza kitoto kwa kupigana nacho kwa meza, ugomvi kamili, vyombo vinaruka. Nyumba inatulia. Wanakwenda kutembea kwenye maonyesho, wanarudi wanamkuta msichana mzima amekaa juu ya kisiki, nguo zimelowa, viatu vipya, ngozi laini haina mstari. Anasema anaitwa Beloved. Anakunywa maji kikombe baada ya kikombe. Sethe akimwona tu anabanwa, anakimbilia chooni hafiki, na maji yanayomtoka hayana mwisho. Nikacheka peke yangu sebuleni: chupa imepasuka! Anamzaa mara ya pili. Na unajua, hapo mwanafunzi wangu wa penseli hakuandika kitu.

Sisi wa pwani tungeanza kuangalia miguu. Msichana mzuri, hana kwao, ametoka majini, halafu amevaa viatu? Vua tuone kama kuna kwato. Ohio hawakuwa na elimu hiyo. Wakamlaza kitandani, wakamfunika shuka la viraka, wakampa vitu vitamu, maana ana uchu wa sukari hana mfano.

Na hapa ndipo kitabu kiliponishika kweli. Hadithi zetu za majini nyingi nilizosimuliwa, jini halina gharama. Linatokea, linatisha, linasomewa, linaondoka, na asubuhi sufuria zote zipo. Mzuka wa Morrison anakula. Anataka nguo, riboni, keki, kusimuliwa hadithi, kupapaswa nywele. Sethe anafanya kazi jikoni kwenye mgahawa; anaanza kuchelewa, anafukuzwa. Akiba yake ya maisha, dola 38, inaishia kwenye vyakula vya starehe na vitambaa vya nguo. Mama anakonda, mgeni anatoka tumbo. Mwandishi amepiga hesabu ya uchawi kama mama wa nyumbani anavyopiga hesabu ya unga, na kwa sababu hesabu inakubali, nilikubali na mengine yote. Unaweza kunidanganya kuhusu mzuka. Usinidanganye kuhusu bei ya chakula.

Majirani nao nawajua. Siku moja kabla ya wale watu wanne, Baby Suggs aliandaa karamu. Ilianza na matunda kidogo ya porini ikaishia kulisha watu 90. Wakala, wakashiba, usiku wakaanza kununa: huyu amepata wapi, anajiona nani? Asubuhi farasi walipopita barabarani hakuna aliyekimbia kutoa habari. Husuda tu ya karamu. Baada ya hapo mtaa mzima ukaipa mgongo nyumba ile miaka 18. Siri yenyewe kila mtu mtaani anaijua.

Anayeuvunja ukimya ni Denver, na kwangu ndiye shujaa. Njaa inapozidi anashuka ngazi za baraza, msichana ambaye miaka mingi hajatoka peke yake, anakwenda kuomba kazi. Siku mbili baadaye chakula kinaanza kuonekana mwisho wa uwanja: maharage, mayai, baadhi ya vyombo vina karatasi yenye jina la mwenyewe. Denver anavirudisha vyombo kimoja kimoja, na kwa kuvirudisha anajuana na watu. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Yeye hakuwa na cha kuweka, akarudisha na shukrani. Sura hizo nimezisoma mara tatu. Na mwisho wanawake 30 wanapokuja kuimba mbele ya nyumba, wengine wameficha dawa zao kwenye mifuko ya aproni, wengine wamekuja na Yesu, wengi wao na vyote viwili. Nani wa Tanga atajifanya hajui habari ya hirizi chini ya kanga na kisomo juu yake?

Kasoro zipo. Sehemu ya pili kuna kurasa ambazo Beloved anazungumza bila nukta, ndani ya jahazi la watumwa au kaburini, huwezi kutenganisha. Mpwa wangu anayesoma chuo ameniambia hapo ndipo pazuri kuliko pote. Sawa. Mimi nilipita kama ninavyopita kwenye matope, nimenyanyua nguo. Mambo ya gereza la Georgia alikofungwa Paul D nayo ni mazito mno kwa mtu anayesoma kabla ya kulala. Kiingereza chake si kigumu kwa maneno, ni kigumu kwa mpangilio: jana, leo na miaka 20 nyuma vimekaa kwenye sentensi moja. Kamusi haikusaidii, kinachosaidia ni kusoma kwa sauti. Na mwenye mimba asubiri ajifungue kwanza. Hilo nasema kama mkunga.

Jina la kitabu ni neno moja la herufi saba, lililochongwa kwenye jiwe la kaburi la mtoto. Sethe hakuwa na fedha, akamlipa mchongaji kwa mwili wake, dakika kumi kwa neno moja. Nilijaribu kulitafsiri kwa vidole juu ya meza: Mpendwa. Nalo ni herufi saba.

Nilimsimulia mama yangu, ana miaka 84, anachambua mchele. Sikuacha kitu, hata banda. Aliendelea kuchambua. Kisha akauliza, "Na huyo mtoto jina lake hasa alikuwa anaitwa nani?"

Nikamwambia kitabu hakikulitaja, tunalo hilo la kwenye jiwe tu.

Akapuliza makapi. Huyu ndiye mama ambaye tangu nikiwa mdogo, nikiuliza bibi yake alitoka wapi, hunijibu yaliyopita si ndwele.

"Hata hilo mnalomwita bibi yangu," akasema, "alipewa Pangani."