Studio ya BrickLink: ngozi ya chombo inaiweza, mifupa ni kazi yako

Anayetaka kujenga chombo cha anga cha matofali ya Lego chenye urefu wa vinundu 100 (vile vidoto vya juu ya tofali), yaani sentimita 80, hawezi kumwaga matofali mkekani na kuanza tu. Kwa mtu aliye Kampala ndiyo kabisa: vipande vingi vinaagizwa ng'ambo, na ukigundua katikati ya kazi kwamba umepungukiwa na mabamba manane ya kijivu, vile vipande vyembamba kuliko tofali, utayasubiri kwa wiki kadhaa huku chombo kikiwa wazi ubavuni. Kwa hiyo chombo huchorwa chote kwenye kompyuta kwanza. Programu inayofaa zaidi kwa kazi hiyo ni Studio, inayotolewa bure na BrickLink, soko la mtandaoni la vipande ambalo kampuni ya Lego yenyewe ililinunua mwaka 2019. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imepotelea kwenye uti wa mgongo wa chombo, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Vinundu 100 si namba ya kubahatisha. Kwa wajenzi wa vyombo hivi, hicho ndicho kipimo cha chini cha chombo kuitwa kikubwa, na kila Septemba wengi wao hujipa mwezi mzima wa kukamilisha kimoja.

Studio inafanya kazi kwenye Windows na Mac. Ya simu hakuna, na hilo linawafungia nje vijana wengi ambao simu ndiyo kompyuta yao. Faili la kuisakinisha ni kubwa, basi lipakue penye waifai nzuri wala usimalize bando lako. Ikishaingia, unaweza kuchora siku nzima bila intaneti. Umeme ndio wa kuogopa zaidi, hasa kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri. Hifadhi kazi kwa jina jipya kila baada ya saa moja, chombo_01, chombo_02 na kuendelea, ili faili moja likiharibika usirudi mwanzo.

Kumbukumbu ya GB 8 inatosha kuanzia. Chombo kikipita vipande elfu kadhaa, ukaguzi wa vipande vinavyogongana huanza kuivuta kompyuta nyuma. Dawa yake ni kukigawa chombo katika sehemu zinazojitegemea tangu siku ya kwanza: pua, kiwiliwili, injini, stendi. Unafungua sehemu moja, unaifanyia kazi, nyingine unazificha.

Kipimo kiamuliwe kabla ya tofali la kwanza. Mwanasesere wa Lego ana kimo cha karibu sentimita 4, hivyo ukimlinganisha na mtu wa mita 1.7 unapata kipimo cha karibu 1 kwa 42. Chombo cha sentimita 80 kwa kipimo hicho ni cha mita 34 hivi, kifupi kidogo kuliko Space Shuttle, chombo cha NASA kilichokuwa na mita 37. Setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliyorushwa Novemba 2022, ni mchemraba wa sentimita 10. Kwa kipimo hicho inakuwa milimita 2.4, nusu ya kipenyo cha kinundu kimoja. Anayetaka kuipakia kwenye shehena ya chombo chake aijue hesabu hiyo mapema, kwa sababu akiweka tofali la 1x1 atakuwa ameonyesha kasha la sentimita 34. Studio haitakuambia hayo. Kipimo kinakaa kichwani mwa mbunifu.

Ngozi ya chombo ndipo programu hii inapong'ara. Kinundu hadi kinundu ni milimita 8, kimo cha tofali ni milimita 9.6, kimo cha bamba ni 3.2. Ndani yake Studio inatumia vizio vilivyorithiwa kutoka LDraw, mfumo wa kuchora matofali ya Lego kwenye kompyuta ulioanzishwa na James Jessiman wa Australia mwaka 1995: nafasi ya kinundu ni vizio 20, bamba 8, tofali 24. Shika hesabu moja tu: mabamba matano yakipandana yanafika milimita 16, sawasawa na vinundu viwili. Hesabu hiyo ndiyo inayobeba ubavu wote wa chombo, maana ubavu mzuri hujengwa kwa mabamba yaliyolazwa ubavuni, vinundu vikitazama nje.

Tuseme kati ya sakafu na paa umeacha kimo cha matofali manne. Hiyo ni milimita 38.4. Ubavu wa vinundu vinne ni milimita 32, kwa hiyo utabaki ufa wa milimita 6.4, na ufa huo unazibwa na mabamba mawili, si moja wala matatu. Mgeni wa kazi hii hulazimisha mabamba matatu, anaona onyo la kugongana, anazima ukaguzi na kuendelea. Usiuzime. Kinachogongana kwenye skrini kitagongana mezani pia, na plastiki haibembelezwi.

Angalia pia tofauti ya matofali mawili yanayofanana sana. Namba 87087, kwa namba za katalogi ya vipande, ni tofali la 1x1 lenye kinundu ubavuni. Bamba likichomekwa hapo linatokeza milimita 3.2 nzima. Namba 4070 ni la 1x1 vilevile, lakini kinundu chake kimezama milimita 1.6, basi bamba linatokeza nusu tu, tena kipande kipana kuliko 1x1 kitayagonga matofali ya jirani. Ukiyachanganya bila mpango, ubavu unakuwa na kingo zisizolingana, na mwanga wa dirishani unazifichua zote. Ukiyachanganya kwa makusudi, unapata mistari myembamba ya kivuli inayofanya chombo kionekane kimeungwa kwa mabati makubwa. Jaribu yote mawili kwenye kipande cha ukuta cha vinundu 12 kabla ya kuamua.

Vikorokoro, yaani mabomba, matundu na vifaa vidogo vidogo vya juu ya ngozi, viwekwe mwisho na viwekwe kwa mafungu. Vikitapakaa kila mahali jicho halipati pa kupumzika. Acha eneo pana la vigae, yaani vipande laini visivyo na vinundu, kisha lundika vikorokoro kwenye mfereji mmoja.

Upande wa rangi, programu inakubali kupaka kipande rangi ambayo hakijawahi kutengenezwa nayo. Kuna kichujio kinachobakiza rangi zilizopo kweli. Kiwashe mapema, si siku ya kuagiza. Na kipande kuwepo si sawa na kipande kupatikana: kikiwa kilitoka katika seti moja tu zamani, bei yake itakushtua. Rangi ya kijivu ina mtego wake. Lego ilibadilisha vijivu vyake mwaka 2004, hivyo vya zamani vina umanjano na vipya vina ubuluu. Kwenye skrini vinakaribiana, juani havipatani kabisa. Orodha yako itaje kijivu kipya kila mahali, hasa ukinunua vipande vilivyotumika. Nyekundu iliyokolea na kahawia za miaka iliyopita zinajulikana kwa kukatika zinapobanwa, kwa hiyo zisibebeshwe mzigo.

Sasa mifupa. Studio haionyeshi kupinda. Inajua vipande viwili vimeshikana, na ina ukaguzi wa uimara unaoangalia miunganiko, lakini chombo cha sentimita 80 kilichoshikwa katikati kinabaki kimenyooka kama rula kwenye skrini hata kama mezani kingepinda kama ndizi. Kila tundu la pini lina ulegevu kidogo. Ulegevu wa kiungo kimoja huuoni, wa viungo tisa mfululizo unauona ukiwa mlangoni.

Mfupa unaofaa ni boriti za Technic, aina ya vipande vya Lego vyenye matundu ya pini, zisizo na vinundu, za matundu 15, namba 32278. Moja ina sentimita 12. Zipandishe kwa matundu matano kila kiungo: ya kwanza inatoa matundu 15, kila inayofuata inaongeza 10, kwa hiyo boriti 10 zinakupa urefu wa 105. Mistari minne, miwili juu na miwili chini, inakula boriti 40. Kila kiungo kipate pini tatu, tundu la kwanza, la kati na la mwisho. Viungo ni tisa kwa mstari, basi pini ni 27, na kwa mistari minne ni 108. Pini ziwe nyeusi zenye msuguano, namba 2780. Zile zinazozunguka kwa ulaini ni za magurudumu.

Mistari ya juu na ya chini itenganishwe kadiri chombo kinavyoruhusu, kwa sababu kimo ndicho kinachozuia kupinda. Boriti iliyo nene mara mbili kwa kimo ni ngumu kupinda mara nane. Halafu weka mishazari. Pembetatu ya 3, 4, 5 inakaa barabara kwenye matundu, ila wengi hukosea kuihesabu: kinachohesabiwa ni nafasi kati ya matundu, si matundu yenyewe. Pembetatu hiyo inataka boriti za matundu 4, 5 na 6. Anayechukua ya 3, 4 na 5 ataona matundu hayakutani, kisha atadhani programu imekosea. Bila mishazari, mstatili wowote wa boriti unalala upande kama kitanda kilicholegea misumari.

Anayependa matofali ya Technic yenye vinundu, namba 3703 ya 1x16, anaweza kuyatumia kwa sharti moja: kati ya tofali la chini na la juu aweke mabamba mawili. 9.6 na 6.4 ni 16, kwa hiyo matundu yanapishana nafasi mbili kamili, na boriti ya matundu 3 iliyosimamishwa inayafunga pamoja. Bamba moja au matatu hayafungiki.

Ushauri mkubwa wa mapitio haya ni huu: agiza mifupa peke yake kwanza. Ijenge, iweke juu ya nguzo mbili, kisha funga uzi ulionyooka kutoka pua hadi mkia. Weka mfuko wa sukari wa kilo moja mahali pa injini na mwingine katikati, uviache hadi asubuhi. Pima kwa rula nafasi kati ya uzi na boriti. Ikiongezeka zaidi ya milimita 3, kiasi cha kimo cha bamba, ngozi itafunguka kwenye maungio. Rudi kwenye Studio, ongeza kimo au mishazari, ndipo uagize ngozi.

Nguzo za stendi zisiwekwe nchani wala karibu na katikati. Kwa boriti yenye uzito uliosambaa sawa, upindaji unakuwa mdogo kabisa nguzo zikikaa kwenye asilimia 22 ya urefu kutoka kila ncha. Kwa chombo hiki ni kinundu cha 22 na cha 78. Injini nzito nyuma zinasogeza hesabu. Laza mfupa uliobeba mizigo yake juu ya ukingo wa rula, tafuta unaposimama sawa, na uzisogeze nguzo zote mbili kuelekea huko.

Kuagiza ni kitu kingine Studio inachokifanya vizuri. Orodha ya vipande inapanda moja kwa moja kwenye akaunti yako ya BrickLink, na soko linakuonyesha maduka yenye navyo. Ila BrickLink si duka moja. Ni wauzaji wengi, kila mmoja ana kiwango chake cha chini cha manunuzi, na si wote wanaotuma Uganda. Kila kifurushi kina nauli yake. Basi punguza aina za vipande kabla ya kuagiza: palipo na aina tatu za kigae zinazoweza kuwa moja, zifanye moja. Kazi ya jioni mbili inaweza kukuondolea muuzaji mzima. Vipande vidogo kama vigae vya 1x1 na pini viongezee kidogo, kwa sababu ndivyo vinavyopotea chini ya kabati. Kwenye bajeti weka pia kodi za URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, mpakani, VAT ikiwa asilimia 18, na andika namba ya sanduku la posta bila kukosea.

Matofali ya bei nafuu yasiyo ya Lego yanayouzwa mjini yanaweza kujaza ndani pasipoonekana. Yapime kwa mkono: bandika kumi, geuza chini, tikisa. Yanayoanguka yasikaribie mfupa.

Sehemu ya kutengeneza kijitabu cha maelekezo ni nzuri, lakini haifikirii kwa niaba yako. Ukiiachia ipange hatua, itakuambia uchomeke pini ndani ya ukuta uliokwisha kuzibwa. Panga hatua kwa mkono, vipande visivyozidi kumi kwa hatua, na pitia kila ukurasa ukijiuliza kidole kitapita wapi.

Mwisho ni usafiri. Chombo cha sentimita 80 hakipandi boda, na ndani ya taksi ya abiria 14 hakina pa kukaa. Kibuni kigawanyike vipande vitatu tangu kwenye skrini, vya sentimita 27 hivi kila kimoja, na kila mkato upite palipo na kiungo cha boriti, si katikati ya ngozi. Kwenye mikato hiyo badala ya pini 2780 tumia namba 32054, pini ndefu yenye kichwa cha kushikia, kwa rangi tofauti na nyingine zote. Wakati wa kukifungua kwenye maonyesho, mwenzako asiyejua chombo ataona pini zipi ni za kuvuta na zipi haziguswi.